Mke wangu yuko zamu, mimi niko jikoni: je, niende mbali ili nifunge midomo ya watu?

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 37, nina mke na watoto wawili, na tunaishi Arusha. Kwa miaka mingi nilikuwa mpishi katika hoteli moja ya watalii, mpaka mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipokata safari za wageni na wengi wetu tukapunguzwa kazini. Nilirudi nyumbani nikidhani ni kwa muda mfupi tu. Mke wangu ni muuguzi na kazi yake ni ya zamu, mara mchana, mara usiku. Mtoto wetu wa pili alipozaliwa na likizo ya uzazi ikaisha, tulikaa tukapiga hesabu, tukakubaliana kwamba mimi ndiye nitakayebaki na watoto, kwa kuwa mshahara wake ni wa uhakika na madada wa kazi tuliowapata hawakudumu.

Tangu hapo mimi ndiye ninayeamka kupika uji, kumvalisha mkubwa sare na kumfikisha shuleni, kumbeba mdogo kliniki kupimwa uzito, ambako kila mara naulizwa mama yake yuko wapi, kisha kurudi kufua na kupika. Kazi yenyewe hainishindi. Nasema kweli kwamba naipenda, na watoto wangu wamenizoea kwa namna ambayo mimi sikupata kumzoea baba yangu. Kinachonishinda ni maneno.

Mtaani jina langu sasa ni Golikipa. Vijana wa kijiwe cha bodaboda huniita hivyo mbele ya mwanangu. Rafiki zangu wa zamani wakinipigia simu huanza kwa kuuliza kama nimepewa ruhusa ya kutoka. Siku moja nilikuwa naanua nguo, redio ya jirani ikiwa juu, nikamsikia mtangazaji wa kipindi cha asubuhi akiwauliza wasikilizaji: mwanamume anayeogesha watoto na kufua nguo za mkewe, huo ni upendo au ni limbwata? Watu walipiga simu mmoja baada ya mwingine, wakicheka, na karibu wote wakasema ni limbwata. Jirani yangu akaongeza sauti.

Mwanangu mkubwa yuko darasa la pili. Walipewa zoezi la kuandika kazi za baba na kazi za mama, naye akaandika, "Baba anapika. Mama anatibu wagonjwa." Mwalimu aliipa kosa sentensi ya kwanza, akaandika pembeni kwa wino mwekundu, "Mama anapika." Mtoto aliniuliza kama anatakiwa kuandika uongo ili apate vema, nami sikuwa na jibu.

Kisha mama yangu mzazi akaja kututembelea kutoka Muheza. Ni mtu wa dini, na wanawake wenzake humfuata kwa darasa. Aliponikuta ninasonga ugali huku mke wangu amelala baada ya zamu ya usiku, alilia. Alisema hakunisomesha ili niwe mtumishi wa mwanamke, kisha akamgeukia mke wangu kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Baada ya ziara hiyo mke wangu ameniomba niwe nafua usiku na kuanika ndani, ili majirani wasiendelee kusema kwamba amenikalia. Ombi hilo limeniumiza kuliko yote. Nami nimebadilika. Nanuna anapochelewa kurudi, na nimewahi kumwambia asiniletee nyumbani amri za wodini.

Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam amenitafutia kazi ya ulinzi wa usiku kwenye yadi ya magari, kwa mshahara wa shilingi 200,000 kwa mwezi. Ndugu wote wanasema niende, watoto watafutiwe dada wa kazi, angalau watu waone kwamba nina kazi. Wananionya pia kuhusu kiwanja ambacho mke wangu anakilipia kidogo kidogo, kwamba hakina jasho langu na kwamba tukiachana nitatoka mikono mitupu. Mama, je, niende Dar es Salaam ili nifunge midomo ya watu?

Mwanao,
Baba wa Wawili, Arusha

*

Marahaba, mwanangu.

Kwa sababu hiyo ya kufunga midomo ya watu, usiende. Ukipata kazi inayokufaa wewe na familia yako, mtakaa tena na mkeo mpange upya, kama mlivyopanga mara ya kwanza. Lakini kazi hii ya yadi haikidhi hata hesabu yake yenyewe. Toa kodi ya chumba cha Dar es Salaam, toa chakula na nauli, kisha toa mshahara na posho ya dada wa kazi atakayebaki Arusha, uone kama itabaki fedha ya kumtumia mtu. Utakuwa umewaacha watoto ili usionekane ukiwalea, na kazi ileile unayochekewa itafanywa na binti wa watu kwa ujira mdogo, tena usiku mama yao akiwa zamu watakuwa naye peke yake.

Katika barua yako kuna jambo umelitaja mwanzoni ukalipita upesi, nami ningependa turudi hapo. Wewe ulikuwa mpishi. Kwa miaka mingi ulivaa aproni nyeupe ukakata vitunguu, ukasonga, ukakaanga, ukawapakulia watu usiowajua, na hakuna aliyesema umelishwa limbwata. Sina shaka kwamba huko Muheza mama yako alitamba mbele ya majirani kuwa mwanawe ni mpishi wa hoteli ya watalii. Sufuria halijabadilika, wala mikono yako. Kilichobadilika ni kwamba sasa hulipwi, na wanaokula ni watoto wako.

Ukiliangalia jambo hili kwa makini utaliona kila mahali. Wakaanga chipsi wa mijini na wachoma nyama wengi ni wanaume. Mafundi cherehani waliojipanga kwenye vibaraza vya maduka ni wanaume kwa sehemu kubwa, ilhali kifungo kikikatika nyumbani anaitwa mama au binti. Pilau la harusi, lile la masufuria makubwa linalopikwa kwa kuni uani, mara nyingi lina mpishi mwanamume anayekodiwa na kuheshimiwa, na kesho yake mwanamume huyohuyo hathubutu kuonekana akipika wali kwake. Wakati wa ukoloni, katika nyumba za Wazungu za miji ya Tanganyika, wapishi, madobi na wale walioitwa maboi walikuwa wanaume kwa wingi, na mishahara yao ndiyo iliyolipa kodi ya kichwa na kusomesha watoto. Wajukuu wa madobi hao leo wanakucheka kwa kuanika shati la mkeo. Kwa hiyo usiwaamini wanaokuambia kwamba kufua na kupika ni kinyume cha maumbile ya mwanamume. Hawajawahi kuona aibu kwa kazi hizo zikiwa na malipo. Tumezoea kuamini kwamba kazi isiyolipwa ni ya wanawake, na kwa kuwa ni ya wanawake haina heshima, na mwanamume akiikaribia tunamwona ameshuka.

Hilo jina la Golikipa halikuanzia kwako. Lilikuwa la akina mama wanaobaki nyumbani, na wamelibeba kwa muda mrefu bila mtu kulifanya kuwa habari. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba zaidi ya robo tatu ya saa zote za kazi ya malezi na utunzaji isiyolipwa duniani hufanywa na wanawake. Sisemi hivi ili kuyapunguza maumivu yako. Nasema kwa sababu umepewa kuonja dharau iliyokuwa imewekewa mkeo, mama yako na dada zako, na ni wanaume wachache wanaoijua kwa ndani kama unavyoijua wewe sasa. Itumie elimu hiyo vizuri, kuanzia nyumbani kwako.

Na nyumbani kwako ndiko nitakakosema nawe kwa ukali kidogo. Mkeo hakukuomba uanike ndani kwa sababu anakuonea haya. Wewe unachekwa, yeye anashutumiwa. Wewe unaonekana umelogwa, yeye anaonekana mchawi. Neno limbwata humwacha mwanamume bila hatia na kumtia hatiani mwanamke, hata pale ambapo wawili walikaa mezani wakapiga hesabu kama mlivyofanya ninyi. Huyo mwanamke amekesha wodini. Huenda huko nako ameshaitwa "sista" usiku kucha na jamaa za mgonjwa, huku muuguzi mwenzake mwanamume, mwenye cheti kilekile, akiitwa "daktari". Anaporudi alfajiri na kukuta umenuna kwa kuwa amechelewa, anapata zamu nyingine. Zile enzi zako za hoteli ulikuwa unatoka kazini usiku wa manane, naye, kama alikuwa nyumbani, alikupakulia. Maneno yale kuhusu amri za wodini umwombe radhi. Kisha mwambie kwa upole kwamba nguo zitaanikwa nje, mchana, kwenye jua, na kwamba atakayeuliza atajibiwa na wewe. Nguo za mtoto mdogo zilizokaukia ndani ya chumba kwenye baridi ya Arusha si jambo la kuafikiana nalo kwa ajili ya majirani.

Mama yako nenda ukazungumze naye wewe, peke yenu, wala usimwachie mkeo kazi hiyo. Machozi yake nayachukulia kuwa ni hofu. Amelelewa akiamini kwamba mwanamume asiye na mshahara hana mahali pa kusimama, naye alikuona umebaki bila pa kusimama. Usimpinge kwa maneno ya semina. Zungumza naye kwa elimu anayoifundisha mwenyewe. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini anapokuwa nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Hadithi hiyo imo katika mkusanyiko wa Bukhari, na mwanamke anayewasomesha wenzake bila shaka anaijua. Muulize kwa adabu, kama mwana anayetaka kujua, ni wapi hasa mwanawe amekosea. Akinyamaza, usimshinde zaidi ya hapo. Mwombe tu kwamba akija tena amsalimu mkaza mwanawe kwa wema.

Kuhusu shule, hapa sitaki uchelewe. Mtoto wa darasa la pili ameandika anachokiona kila siku kwa macho yake, akaambiwa amekosea, na ameanza kujiuliza kama shuleni watu hupewa alama kwa kusema yasiyo kweli. Chukua daftari uende kwa mwalimu, saa ambayo hana kipindi, mtoto asiwepo, na mkeo aende nawe zamu ikiruhusu. Msiende kushitaki. Mwalimu mwenye darasa lililofurika husahihisha haraka, akifuata picha aliyoizoea tangu yeye mwenyewe alipokuwa mwanafunzi, ya baba kwenye kiti na gazeti na mama kwenye mafiga. Mwelezeni kwamba kwenu baba ndiye anayepika, na mumwombe alisahihishe kosa lile ndani ya daftari lenyewe, kwa kalamu yake, ili mtoto aone. Mkihitaji kuliunga mkono ombi lenu, Tanzania iliridhia mwaka 1985 Mkataba wa Kimataifa wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, na kifungu chake cha 10 kinazitaka nchi ziondoe katika elimu fikra zilizokaririwa kuhusu nafasi za wanaume na wanawake, ikiwa ni pamoja na kupitia upya vitabu na mitaala ya shule. Zoezi la mwanao linaangukia humo moja kwa moja. Na mtoto mwenyewe mjibu leo, usisubiri mwalimu. Mwambie kwamba aliandika kweli.

Sasa nije kwenye redio, ambayo imekukera nawe una haki ya kukereka. Kuna mradi wa kimataifa unaofuatilia habari za magazeti, redio na televisheni katika nchi nyingi, unaorudiwa kila baada ya miaka mitano. Mwaka 1995 ulionyesha kwamba kati ya watu wote wanaotajwa au kusikika katika habari, wanawake walikuwa asilimia 17. Mwaka 2015 walikuwa asilimia 24, na mwaka 2020 asilimia 25. Robo karne, hatua nane tu. Lakini likija tangazo la sabuni, la mafuta ya kupikia au la nepi, mwanamke haondoki kwenye kioo, na mwanamume huingia mwishoni akiwa na shati chafu au njaa, akasifu, akaketi. Msikilizaji aliyelelewa na picha hizo hahitaji kufundishwa kukucheka. Mtangazaji yule aliuliza swali lenye majibu mawili, na akahakikisha kwamba hata hilo la upendo linasikika kama udhaifu. Jibu kwamba inaweza kuwa ni makubaliano ya watu wazima wawili hakuliweka kabisa.

Wengine wamelishughulikia jambo hili kwa kanuni. Uingereza, kuanzia Juni 2019, matangazo ya biashara yenye taswira za kijinsia zinazoweza kuleta madhara yalipigwa marufuku, na miongoni mwa ya kwanza kuzuiwa, Agosti mwaka huo, lilikuwa tangazo la jibini ya Philadelphia lililowaonyesha akina baba wakizubaa na chakula mpaka wakawasahau watoto wao wachanga kwenye mkanda wa kupitishia vyakula. Walioamua waliona kwamba tangazo hilo lilijengwa juu ya dhana kwamba wanaume hawawezi kulea watoto vizuri kama wanawake. Kwetu nako kazi hii haikuanza jana. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilianzishwa mwaka 1987, na wanachama wake wamekuwa wakihoji kwa miaka mingi jinsi vyombo vya habari vinavyomchora mwanamke. Wewe andika barua kwa kituo hicho: taja kipindi, tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, kisha eleza kwa kifupi jinsi nyumba yako inavyoendeshwa. Wasipokujibu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ina Kamati ya Maudhui inayopokea malalamiko ya wasikilizaji. Sikuahidi kwamba barua moja itabadilisha kipindi. Ila watayarishaji huchagua mada wakidhani kila anayesikiliza atacheka, na huenda hawajawahi kupata neno kutoka kwa baba aliyekuwa anaanua nguo wakati huo.

Ndugu zako wanaokutisha kuhusu kiwanja wamesema nusu ya ukweli. Sheria zetu nazo zimeandikwa na watu wenye picha zao kichwani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtwika mume wajibu wa kumtunza mke, lakini mke mwenye uwezo anawajibika kumtunza mume pale tu mume anaposhindwa kujitafutia riziki kwa sababu ya maradhi au majeraha ya mwili au ya akili. Baba mzima wa afya anayelea watoto hakufikiriwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 ilipotungwa ilimpa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na baba angalau siku 3, ilhali Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007, ilimpa baba wiki mbili. Siku tatu hazitoshi kujifunza kumshika mtoto mchanga, na ujumbe wake kwa baba unaeleweka.

Hata hivyo, katika suala la mali, sheria hiyohiyo ya 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama inapogawa mali ya wanandoa ipime mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango unaohesabiwa. Uamuzi huo ulipatikana kwa jasho la wanawake, na kifungu chenyewe hakimtaji mke wala mume kinapozungumza juu ya kazi. Kinasema kila upande. Mkeo anaweza kwenda zamu na kulipia kiwanja kwa sababu wewe uko na watoto. Hiyo ni kazi. Lakini msingoje mahakama. Mwombe mkeo kwamba mkataba wa mauziano na hati vibebe majina yenu wote wawili, na uliseme jambo hilo siku mliyotulia, mbali na siku ya ugomvi, ukimweleza pia kwamba hata wewe ukirudi kwenye mshahara mtafanya vivyo hivyo kwa kitakachonunuliwa kwa fedha yako.

Sijasahau kwamba wewe ni fundi wa kazi yako, na ufundi ukikaa bila kutumika humchosha mtu. Mdogo atakapoanza chekechea utakuwa na asubuhi. Arusha ina harusi, misiba, vikao na ofisi zinazotafuta chakula cha mchana, na mtu aliyepika hotelini kwa miaka mingi hakosi pa kuanzia, hata kwa oda mbili za mwisho wa wiki. Zungumza na mkeo kuhusu mtaji na kuhusu nani atashika watoto Jumamosi. Fanya hivyo kwa kuwa unapenda upishi na nyumba inahitaji fedha. Vijana wa kijiwe wasiwemo katika hesabu hiyo kabisa.

Kaka yako mpigie simu leo, usimtumie ujumbe. Mshukuru kwa kuhangaika kwake, kwa sababu kutafutiana kazi ni kazi, kisha umwambie nafasi hiyo ampe mwenye shida nayo, na kwamba akisikia jiko lolote la Arusha au Moshi linatafuta mpishi wa zamu ya asubuhi kuanzia mwakani, akujulishe.